Lori Moja Moja

Mizani ya barabara kuu ilikuwa imefurika malori. Mhandisi wa madaraja, kizibao cha njano juu ya gauni la maua, alisimama mbele ya lori lililogoma kusogea.

"Umebeba nini wewe?"

"Saruji na upweke," akajibu dereva mwenye kofia nyekundu. Wenzake walimwita Kofia.

"Upweke hatupimi hapa. Sogea."

Akasogea, ila namba ya simu ya mhandisi alikwisha kuipata.

Simu zikawa haziishi. "Kipenzi, umekula?" "Bado, nahangaika na malori yenu." Kazi ya mhandisi ilikuwa kuchukua uzito uliopimwa mizanini, kuyapitisha malori kwenye kompyuta, na kuona kama daraja kuukuu la mtoni lingestahimili siku mbaya kuliko zote. Mizani iliyaachia moja moja, naye akayaachanisha hivyo hivyo kwenye hesabu.

Jumapili moja Kofia akamchukua kwa matembezi ndani ya lori. Kwenye kilima kabla ya daraja, malori yakajikokota na kubanana, yakaingia darajani pua kwa mkia.

"Mbona mmegandana hivi?"

"Kilima hiki hakina haraka, mpenzi. Tunasindikizana."

Mhandisi akaacha kucheka. Aliporudia hesabu malori yakiwa yamebanana, nguzo zilishindwa. Akaandika: livuke lori moja moja.

"Rudisha hesabu ya mwanzo," bosi akamwambia. "Wenye mizigo wananipigia kelele."

"Irudishe wewe, mzee, na sahihi uweke yako."

Bosi akairudisha kalamu mfukoni. Kibao cha agizo hilo kikasimikwa mbele ya daraja.

Madereva wakachacha: mpenzi wa Kofia ndiye kawafungia njia. Jioni simu ikalia.

"Kumbe ulipanda lori langu kunipeleleza."

"Nilipanda kwa kukupenda. Macho nilikuja nayo."

Simu ikakatwa.

"Mwanamume mzima unamwacha kwa ajili ya daraja?" dada wa mhandisi akamsuta.

"Dada, juu ya daraja hilo anapita yeye. Anichukie akiwa hai."

Dada, ambaye neno halilali mdomoni mwake, akampigia shemeji Kofia kabla chai haijapoa.

Siku madereva walipoapa kukipuuza kibao na kuvuka kwa msafara, mhandisi alisimama ng'ambo ya daraja, mikono kiunoni. Lori la mbele likateremka, kofia nyekundu dirishani. Kwenye kibao likakata kona, likasimama kiubavu, likaziba barabara yote. Nyuma honi zikalipuka.

Simu ikalia.

"Wananitukana mpaka babu yangu," Kofia alisema.

"Si uwajibu."

"Nimewaambia anayetaka kubanana leo anipitie juu. Halafu nikasema naenda kuoa. Usiniaibishe, mama."

"Unanichumbia kwenye foleni, wewe?"

"Kwingine hunisikilizi."

Akafuta macho kwa ukingo wa kizibao. "Waambie wasubiri zamu. Nyoosha lori, vuka peke yako, polepole. Jibu lako liko huku."