Chupa ya Tano

Asubuhi za likizo ndefu zilianza hivi hivi kila siku: mama anakanyaga cherehani, redio inakohoa habari, na Kinyonga anatafuta soksi ya pili.

"Nipe uzi wa kijani, mwanangu," mama alisema bila kuinua kichwa.

Kinyonga alivuta droo. Vigurudumu vya uzi zaidi ya thelathini vilikuwa vimelala humo. Hakuvitazama rangi. Alivisoma. Juu ya kila kimoja mama alikuwa amebandika kikaratasi chenye jina: kijani, nyekundu, hudhurungi. Alianza kufanya hivyo mwanawe alipokuwa na miaka sita, siku alipomletea uzi mwekundu wa kushonea sare za kijani, tena akasimama pale akingoja kusifiwa.

Macho ya Kinyonga hayakuwa mabovu. Aliweza kumwona sisimizi upande wa pili wa chumba. Lakini kwake nyekundu na kijani walikuwa mapacha wasiojulikana nani mkubwa nani mdogo, na rangi ya waridi ikiwa hafifu hakuiona kabisa. Siri hiyo ilikuwa yake na mama. Shuleni walijua aibu tu, hawakujua sababu. Siku ya fainali dhidi ya shule ya jirani timu yake ilivaa nyekundu na wapinzani kijani. Alitoa pasi safi kabisa kwa mshambuliaji wa upande wa pili, na bao likaingia. "Huyu kabadili rangi katikati ya mchezo!" wenzake wakapiga kelele, na tangu siku hiyo jina lake likawa Kinyonga. Naye akanyamaza. Aliona afadhali aitwe msaliti kuliko kuchekwa kwamba hajui nyekundu na kijani.

"Chai hiyo hunywi?" mama aliuliza.

"Nitachelewa, mama. Bi Tone wa maabara hana mchezo na saa."

Kabla ya likizo, mwalimu wa kemia alikuwa amebandika tangazo ubaoni. Idara ya maji ilitaka wanafunzi sita wa sekondari wajifunze kazi ya maabara kwa wiki nne. Atakayemaliza vizuri angepewa cheti, na barua ya kumpendekeza kwenye chuo cha maabara. Waliomba arobaini na mmoja. Kinyonga alijaza fomu yake mezani pa mama, kati ya mkasi na vifungo, akaenda vizuri mpaka swali la mwisho: "Je, kuna jambo lolote la kiafya au la kimaumbile ambalo ungependa tukusaidie?"

Alishika kalamu kwa muda mrefu. Akafikiri: nikisema, watamchukua mwingine. Akaandika, "Hakuna." Jibu la neno moja tu, lakini lilimkaa tumboni kama kokwa aliyoimeza.

Alichaguliwa. Na kila siku tangu hapo alikwenda kazini akiwa na furaha mguu mmoja na hofu mguu wa pili.

Bi Tone ndiye aliyekuwa mpimaji mkuu wa maabara. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na jina hilo alilipata kwa sababu ya kusema, "Tone moja likizidi, kazi yote mwaga." Kila Jumatatu alitega kitendawili. Atakayekitegua angekwenda naye kwenye mtambo mkuu wa kusafishia maji.

"Kitendawili!" alisema Jumatatu ya wiki ya tatu, akifunga vifungo vya koti jeupe.

"Tega!" wanafunzi sita walijibu.

"Nikifichwa nanenepa, nikitolewa nje nakonda."

"Jipu!" alisema Chiriku, msichana wa ile shule ya jirani ambaye mdomo wake haukujua likizo. Wote wakaangua kicheko.

"Umekaribia, lakini ondoa usaha wako mezani kwangu," alisema Bi Tone. "Wengine? Hamna? Basi kaeni nacho. Wiki bado changa."

Kinyonga alicheka pamoja na wengine, ila kicheko chake kilikatika kabla ya vyao.

Kazi yao ilikuwa kupima kama maji ya bomba yana klorini ya kutosha, ile dawa inayoua vijidudu. Unasuuza kichupa mara tatu, unatia maji, unadondosha kidonge, unatikisa. Dawa ikiwemo, maji yanageuka waridi. Kisha unakishika kichupa mbele ya karatasi nyeupe na kukilinganisha na kadi yenye vyumba sita vya rangi, kuanzia sifuri, isiyo na rangi yoyote, hadi tano iliyoiva. Mbili na tatu ni salama. Sifuri maana yake maji yanatembea bila mlinzi.

Sheria ya Bi Tone ilikuwa moja: watu wawili wasome chupa moja, kila mtu aandike namba yake bila kumwonyesha mwenzake. Sheria hiyo ingemfichua Kinyonga siku ya kwanza kama mwenzake asingekuwa Chiriku. Chiriku hakuweza kuandika bila kunong'ona. "Tatu... hii tatu... hii mbili," alijisemea, na Kinyonga akaandika alichosikia. Wiki mbili nzima namba zao zililingana kama meno ya kitana.

"Nyinyi wawili mna jicho moja," Bi Tone aliwasifu. Kinyonga alitazama viatu vyake.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne na nusu asubuhi, mlango wa maabara ulifunguliwa kwa kishindo.

"Kuna bomba limepasuka njia ya kaskazini," alisema Bi Tone. "Wote twende tukachukue sampuli. Kinyonga, wewe baki. Jicho lako naliamini. Chupa tano za leo hizo hapo. Ya tano ni ya zahanati, usiichezee. Mabomba yao yametengenezwa jana na maji yamefungwa. Kina mama wenye watoto wachanga wanangoja tangu asubuhi. Nikirudi nasaini, tunawapigia, saa sita kamili wanafungua. Sawa?"

Hapo ndipo neno lilipofika kooni. Angeweza kulisema. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni anamtazama, na wengine nyuma yake.

"Sawa, mama," alisema.

Mlango ukafungwa. Maabara ikawa kimya. Ilisikika saa ya ukutani peke yake, ikihesabu kama mtu asiye na huruma.

Alisuuza, akatia, akadondosha vidonge, akatikisa. Vichupa vitano vikasimama mstarini kama watoto wanaongoja kukaguliwa kucha. Akaviinua mbele ya karatasi nyeupe kimoja kimoja. Vyote vilikuwa maji tu. Alivipeleka dirishani, akavirudisha. Akakunja jicho moja, akakunja la pili. Katika kichupa cha kwanza aliona kama kivuli. Au ni kidole chake?

Akafungua daftari la jana. Tatu, tatu, mbili, tatu. Basi akanakili. Zahanati haikuwa na namba ya jana kwa sababu maji yalifungwa, kwa hiyo akaipa tatu, kama unavyompa mgeni sahani inayofanana na za wenyeji.

Kisha akaanza kumwaga maji yaliyobaki ndani ya chupa. Chupa ya kwanza ilipopita karibu na pua yake, alisikia ile harufu ya dawa aliyoizoea. Ya pili nayo. Ya tatu, ya nne. Alipoinua ya tano, hakusikia kitu. Akainusa tena. Ilinuka kama mvua.

Akairudisha mezani bila kuimwaga.

Saa tano na dakika arobaini gari lilisimama nje. Bi Tone aliingia na matope hadi magotini, Chiriku na wenzake wakimfuata. "Mambo?" aliuliza, akivaa miwani na kuvuta daftari. "Tatu, tatu, mbili, tatu. Zahanati tatu. Vizuri." Akachukua kalamu, akasaini, akashika simu.

"Haloo, muuguzi? Ndiyo, ni mimi. Habari za hao wazazi wetu?"

Kinyonga alimwona kwa mawazo mama mmoja asiyemjua, anakinga maji kwenye kikombe, anakipeleka mdomoni mwa mtoto. Kama atasema, leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Wenzake wote wako ndani, na watasikia. Barua, chuo, vyote kwaheri.

"Mama, wasifungue!"

Bi Tone aliweka kiganja juu ya simu. "Umesema?"

"Wasifungue. Ile tatu si ya kweli. Nimeikisia." Akaisogeza mbele chupa ya tano. "Zote nimekisia. Sizioni hizo waridi. Sijawahi kuziona. Huwa namsikiliza Chiriku. Chupa ya tano haina harufu ya dawa, mama. Iko hapa, sijaimwaga."

Bi Tone aliondoa kiganja. "Muuguzi, usifungue hata tone. Nakupigia sasa hivi." Akachukua maji yaliyobaki ndani ya chupa ya tano, akayapima mwenyewe. Alitikisa kichupa, akakiinua. Chiriku akakisogelea.

"Sifuri," Chiriku alinong'ona. Safari hii kila mtu alimsikia.

Mafundi wakapigiwa simu waende kusafisha mabomba ya zahanati na kuyatia dawa upya, na gari la maji safi likatumwa huko. Bi Tone alipomaliza kuzungumza alikaa kwenye stuli, akavua miwani. Kinyonga alikuwa tayari amevua koti jeupe na kulikunja.

"Nani kakuambia uvue?"

"Nilidhani..."

"Usidhani. Ndiyo ugonjwa wako huo." Akavuta droo, akatoa fomu. "Huu mwandiko wa nani? 'Hakuna.' Unafikiri swali hili tuliliweka kupamba karatasi?"

"Niliogopa mtamchukua mwingine."

Bi Tone alifungua kabati la chini, akapangua maboksi, akatoa chombo cheusi kidogo chenye vumbi. Akakifuta kwa pindo la koti, akatia ndani yake kichupa cha maji ya bomba la pale, akabonyeza. Juu yake ikawaka namba: tatu.

"Hiki hakina haja ya jicho la mtu," alisema. "Kinasoma rangi chenyewe kinaandika namba. Tulikinunua kwa ajili ya kijana mmoja kama wewe, sasa ni mpimaji kamili katika kituo kingine. Wiki tatu kimekaa hatua nne kutoka kwenye kiti chako, kikingoja uandike sentensi moja."

Kinyonga alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

"Kutoona rangi si kosa," aliendelea Bi Tone. "Kuandika namba usiyoiona ni kosa, na kosa halifutwi kwa machozi. Mabomba yote uliyoyaandikia namba tangu wiki ya kwanza utayapima upya. Nami nina langu: nilivunja sheria yangu mwenyewe nikakuacha usome peke yako. Sasa twende zahanati. Mimi nitasema langu, wewe utasema lako."

Walikwenda. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo ukutani. Kinyonga alisimama mbele yao akaeleza, na kila neno lilikuwa zito kuliko ndoo. Mama mmoja aliyembeba mtoto alimtazama. "Ungenyamaza, mwanangu angekunywa," alisema. "Haya, acha kusimama kama mlingoti. Tusaidie kuchota kwenye gari la maji." Akachota mpaka jioni mikono ikamuuma, na Chiriku akachota pamoja naye.

"Kumbe nilikuwa nanong'ona?" Chiriku aliuliza. "Mbona hukuniambia? Ningekudai mshahara! Na ile pasi ya fainali, ndiyo hivyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Basi hukuwasaliti wenzako. Sisi ndio tulipata bao la bure." Wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Jumatatu iliyofuata Bi Tone alifunga vifungo vya koti. "Kile kitendawili changu bado kinazurura. Nikifichwa nanenepa, nikitolewa nje nakonda."

Kinyonga aliinua mkono. "Uongo, mama. Niliulisha mwenyewe, naujua uzito wake."

"Umekitegua. Kesho mtamboni tunakwenda wote wawili, na chombo chako ubebe."

Jioni hiyo alimsimulia mama yote, tangu fomu hadi ndoo. Cherehani ilisimama. Mama hakumkemea. Alivuta droo, akachukua kigurudumu kimoja cha uzi, akakiweka kiganjani mwa mwanawe, kikaratasi kikiwa juu.

"Miaka yote hii nakuandikia," alisema. "Umewahi kuona aibu kukisoma?"

"Hapana, mama."

"Basi jua hivi, mwanangu. Msaada si aibu, ni kikaratasi tu juu ya uzi. Lakini hakuna atakayekuandikia kama hujamwambia kwamba huoni. Sema kweli mapema, watu wakusaidie mapema. Ukiificha, watakaoumia si wewe peke yako."

Akakanyaga cherehani tena.

"Haya, nipe wa kijani."

Kinyonga alisoma, akampa.