Majani Mekundu Juu ya Mwamba

Asubuhi za mwezi wa nane ukungu hushuka kutoka vilimani na kulala juu ya njia ya shule, na watoto huupita kama watu wanaotembea ndani ya maziwa. Chipiwa aliupenda ukungu huo. Ndani yake hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Kila asubuhi alifagia ua, akanywa uji wa ulezi, akamchungulia mtoto mchanga wa dada yake, kisha akaingia katika weupe ule na kupotea mpaka aliposikia kengele.

Mtoto alikuwa na wiki tano. Maidei, dada yake Chipiwa, alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua mzaliwa wa kwanza, kama desturi inavyotaka, na Jumamosi mumewe angekuja kuwachukua mama na mwana. Shule zilikuwa zinafungwa, kwa hiyo ilikuwa imepangwa kwamba Chipiwa, mwenye miaka kumi na mmoja, aende nao likizo nzima akasaidie kumbeba mtoto.

Alitaka kumbeba mtoto kuliko kitu chochote. Mara nyingi aliota amemfunga mgongoni, mwepesi kama kibuyu kikavu, wakipita pamoja chini ya miti ya misasa. Lakini ndoto ilipofika mlangoni kwa dada yake, ilikatika. Mlangoni alisimama shemeji.

Alhamisi hiyo Mwalimu Mavhunga aliwatoa wanafunzi wa darasa la sita nje. Aliwapeleka nyuma ya shule, kwenye mwamba mpana ambapo akina mama hupura ulezi. Misasa iliyouzunguka ilikuwa imeanza kuchipua, na majani yake machanga yalikuwa mekundu kama makaa yanayopulizwa.

"Fungisai, lala hapo chali," alisema mwalimu. Kisha akapiga magoti na kuuzungushia mwili wake chaki, kutoka kichwani mpaka vidoleni.

"Mwalimu, nikiinuka nitabaki?" Fungisai aliuliza, na darasa zima likacheka.

"Utabaki mpaka mvua inyeshe."

Fungisai aliinuka, na kweli alibaki pale, mweupe na mtulivu kuliko alivyowahi kuwa darasani. Mwalimu akaanza kutaja viungo. Kichwa, shingo, goti. Alipofika sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani, hakushusha sauti wala hakuzungukazunguka. Alizitaja kwa majina yake. Wavulana watatu wakashikwa na kikohozi.

"Mkimaliza kukohoa mniambie," alisema mwalimu, akasubiri. Kikohozi kikapona. "Hizi ni sehemu za siri. Hakuna mtu wa kuzichezea, hata awe ndugu. Daktari akitaka kuziangalia kwa sababu unaumwa, mzazi wako awepo. Na mtu akikuambia jambo la mwili wako usimwambie mama wala baba, hapo hapo ujue kuna ubaya. Sasa kila mmoja aokote majani mekundu. Ayaweke kwenye picha, pale ambapo hataki mtu aguse."

Waliweka pale alipowafundisha. Chipiwa naye aliweka. Kisha akaongeza jani kwenye bega. Akaongeza kwenye bega la pili, na kwenye mikono, na kwenye mashavu, mpaka ile picha ikaonekana kama imevaa blanketi jekundu.

"Wewe nawe," Fungisai alisema. "Hata bega? Unataka tuwe tunakusalimia kwa fimbo?"

"Bega la nani?" aliuliza mwalimu.

"La Chipiwa."

"Basi anayelijua ni Chipiwa. Akisema sitaki, ni sitaki."

"Hata kwa mtu mzima, mwalimu? Si utovu wa adabu?"

"Adabu ni kumsalimu mkubwa, kumpisha, kumpokea mzigo. Kumwachia mwili wako si adabu."

Chipiwa alikuwa akitazama jani moja lililopeperuka na kutua tena palepale begani. "Na kama anatania tu?" aliuliza, polepole, kama anaongea na jani.

Mwalimu alimtazama. "Akitania, wewe unacheka?"

Chipiwa alilibonyeza lile jani kwa kidole.

"Kama hucheki," mwalimu aliwaambia wote, ingawa macho yake hayakumtoka Chipiwa, "mwambie mtu mzima unayemwamini. Wa kwanza asiposikia, mwambie wa pili. Wa pili asiposikia, mwambie wa tatu, na mimi niko katika hesabu hiyo. Msichoke kabla hawajasikia."

Jioni Chipiwa alimkuta mama yake akitwanga karanga.

"Mama, shemeji akija sitaki anishike."

Mama hakuuliza lini wala vipi, kwa sababu alikuwepo. Ilikuwa Pasaka, mbele ya watu wote. Kwetu mume wa dada ana ruhusa ya kumtania mdogo wa mkewe, na kumwita mke wake mdogo. Taguma, huyo shemeji, alimwita hivyo, akamvuta, akambana kifuani. Chipiwa alijipinda atoke. Taguma akazidi kubana, na kadiri alivyojipinda ndivyo ua mzima ulivyocheka. Tangu siku ile, akisikia watu wakicheka kwa mbali, alibadili njia.

"Shemeji yako asikutanie wewe amtanie nani?" mama alisema akicheka. "Hata mimi walinitania hivyohivyo."

"Ulikuwa unapenda?"

Mchi ulisimama hewani. Kisha ukashuka tena, kwa nguvu zaidi. "Nenda kachote maji, maswali yako yatatulaza njaa."

Huyo alikuwa wa kwanza.

Ijumaa, shule ilipofungwa, ukungu ulikuwa bado haujaondoka vizuri. Chipiwa alishuka mpaka madukani. Kwenye baraza la duka la mwisho alikaa dada wa baba yake, Tete Shuvai, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Kwetu Tete ni baba mwanamke. Baba yake Chipiwa alikuwa kazini migodini, na neno la Tete nyumbani pale lilikuwa neno la baba.

"Umekuja kunitazama nikizeeka?" Tete aliuliza bila kuinua macho. "Shika huku kitambaa."

Chipiwa alishika kitambaa. Cherehani iliimba. Alianza kusema ndani ya wimbo ule, akitumaini utayafunika maneno, lakini alipofika kwenye Pasaka miguu ya Tete iliacha kukanyaga. Kuku mmoja alipita barazani, akatazama, akaendelea na safari yake.

"Alikushika kwingine? Zile sehemu za siri?"

"Hapana, Tete. Mabega na mikono. Alinibana tu. Nilitaka kutoka, hakuniachia."

"Faraghani je? Amekuambia ufiche kitu?"

"Hapana. Watu wote walikuwepo. Walicheka."

"Na mimi nilikuwepo," alisema Tete. Alichukua muda mrefu kuutoa uzi kwenye sindano. "Mama yako umemwambia?"

"Alicheka tena. Mwalimu alisema wa kwanza asiposikia, twende kwa wa pili."

"Mwalimu huyo amelelewa." Tete alikunja kitambaa. "Wa pili amesikia. Kesho, wewe sema unachotaka. Yanayobaki niachie mimi."

Taguma alifika Jumamosi adhuhuri, na blanketi jipya la mtoto na mfuko wa sukari. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mcheshi, na wacheshi huzoea kuchekewa. Aliketi chini karibu na mlango wa jikoni, kama mkwe apaswavyo kuketi, akapiga makofi ya heshima mbele ya mama mkwe na mbele ya Tete, aliyekuwa amempakata mtoto. Kisha akaangaza huku na huku.

"Mbona nyumba imepooza? Mke wangu mdogo yuko wapi? Njoo unisalimie vizuri, mama."

Watu wakaanza kutabasamu, tayari. Chipiwa alitokea mlangoni. Ua ulionekana uko mbali, kama unatazamwa kutoka kilimani. Alikunja magoti, akapiga makofi kwa viganja vilivyopinda.

"Za safari, shemeji. Nakusalimu nikiwa hapahapa. Sitaki kushikwa."

"Chipiwa," mama alinong'ona.

"Aa, ameanza maringo huyu," alisema Taguma akicheka, akaanza kuinuka. "Njoo bwana, usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Keti, mkwe," alisema Tete.

Aliketi. Hakuna aliyecheka, kwa sababu Tete hakucheka.

"Tete, si utani tu? Ni mila yetu."

"Ni mila yetu, na nyumba hii walinipa mimi niifundishe. Utani ni ngoma ya wawili. Mmoja akiburutwa, hiyo si ngoma tena." Alimwinua mtoto kidogo. "Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, Tete."

"Siku moja atasema sitaki, na ua mzima utamcheka. Siku hiyo na wewe utacheka?"

Taguma alimtazama mtoto. Mtoto alipiga chafya. Taguma alikutanisha viganja. "Nimekosa, Tete."

"Mimi hukunibana. Aliyebanwa amesimama mlangoni."

Ilikuwa jambo geni, mwanamume mzima kumgeukia mtoto na kumpigia makofi ya heshima. Aliyapiga polepole.

"Nimekosa, Chipiwa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Sasa," alisema Tete, "wamepanga uende nao. Unataka kwenda?"

Macho yote yalimgeukia. Tangu mpango ule uanze, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nitajibu kesho," alisema Chipiwa.

"Basi safari ni kesho," alisema Tete. Taguma, kwa kuwa ni mkwe, alilala akisubiri.

Alfajiri mama alimkuta Chipiwa akiwasha moto. Alichuchumaa kando yake, mikono yake mwenyewe mapajani.

"Uliniuliza kama nilikuwa napenda," alisema. "Sikuwa napenda. Na bado nilikucheka. Sitacheka tena."

Chipiwa ndiye aliyemwegemea.

Baadaye yeye na Tete walitembea ndani ya ukungu mpaka kwenye mwamba. Manyunyu yalikuwa yameanza. Picha ya chaki ilikuwa inayeyuka, na majani mekundu yalikuwa yamelowana, yamejibandika jiweni mahali alipoyaweka.

"Siendi, Tete."

"Sawa."

Chipiwa alisubiri swali la kwa nini. Halikuja.

"Nitakwenda mimi," alisema Tete. "Sare zitangoja, na mtoto atabebwa. Krismasi Maidei atamleta." Alitazama chaki ikigeuka maji meupe. "Mvua itaifuta picha, lakini sheria haifutiki, mwanangu. Mwili wako ni wako. Anayekupenda akisikia sitaki, huacha. Asipoacha, sema kwa mwingine, na mwingine. Na sisi wakubwa nasi tujifunze kumtazama mtoto usoni kabla hatujacheka."

Kulipopambazuka vizuri, Chipiwa ndiye aliyembeba mtoto mpaka barabarani. Hakuwa mwepesi kama kibuyu. Alikuwa mzito, wa moto, ananuka maziwa, na pumzi yake ilimpiga mgongoni kama kipepeo aliyefungiwa. Walitembea pamoja chini ya misasa, na safari hii ndoto haikukatika.

Basi lilipoonekana kwenye kona, Taguma alisimama hatua mbili mbali naye.

"Naweza kumchukua?" aliuliza.

Chipiwa alisikiliza ile pumzi mgongoni.

"Subiri kidogo," alisema.

Na Taguma akasubiri.