Chupa Namba Tisa

Walikutana Soko la Kilombero, mahali ambapo mtu hukanyagwa kisha akaambiwa apishe. Nanyori, msichana wa kijiji cha Olmotonyi, alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha njano na kukumbatia boksi la barafu. Kijana mrefu akamgonga, barafu ikamwagika. Akapiga magoti na shati lake jeupe, akaiokota kwa mikono mitupu.

"Pole, dada. Unauza samaki?"

"Nauza mikojo!" Nanyori akamjibu kwa hasira.

Kijana huyo, Elisaria, akacheka mpaka machozi, maana hata yeye alikuwa anaelekea kwenye mikojo hiyohiyo. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa mafunzo ya wiki mbili ya kupima kemikali ndogondogo ambazo mwili huziacha kwenye damu na mkojo. Kufikia siku ya tatu alikuwa anamwita "barafu yangu", na Nanyori anaitika.

Jumatatu kila mwanafunzi alileta mkojo wake wa asubuhi, kabla ya kula, kwenye chupa yenye namba tu. Walikuwa wametia saini kwamba mwenye namba hatafutwi wala haambiwi kitu, na atakayevunja sharti atafukuzwa. Lakini macho hayana pazia. Nanyori ndiye aliyepokea chupa, akamwona mpenzi wake akikabidhi namba tisa.

Jumanne mashine ikachora matokeo ya namba tisa. Sukari ilikuwa imepanda kupita zote, na ketoni, alama kwamba mwili umeanza kujila wenyewe, ilikuwa juu vilevile. Nanyori akafunga kompyuta kabla mkufunzi hajafika.

Tangu hapo akawa anamkwepa Elisaria. Akimwona anakunywa maji anahesabu vikombe, maana kiu ni dalili ya sukari. Alhamisi simu ikaita.

"Barafu yangu, umepata mwingine?"

"Sijapata."

"Mbona unaniangalia kama maiti?"

Nanyori akakata simu, akalia. Mimi ningemzaba kofi. Mapenzi gani haya ya kulinda saini na kumwacha mtu?

Ijumaa asubuhi uzalendo ukamshinda. Akamvuta Elisaria nyuma ya maabara.

"Wanifukuze tu. Eli, nenda hospitali leo. Chupa yako ina sukari ya kuua mtu."

Elisaria akashusha pumzi, akatabasamu. "Ndiyo maana uliniogopa? Mpenzi, ile si yangu. Jumapili si tulikula mishikaki Levolosi, saa tulizokatazwa kula? Nikaona nitaharibu kazi ya darasa zima. Usiku nikaenda kulala nyumbani, asubuhi nikaomba ya..."

Tabasamu likamtoka.

"Ya nani, Eli?"

"Ya mama."

Mama yake, Kaanaeli, aliishi peke yake kijijini Kikwe. Jumapili hiyo alilalamikia kiu na uchovu, na mwanawe akamwambia ni jua la shambani.

Elisaria akampigia. Simu iliita mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu sauti nzito ikaitika. Nanyori akamnyang'anya Elisaria simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mkamwana wako. Fungua mlango, mama, ukae hapohapo. Tunakuja kukupeleka hospitali."

Elisaria akamshika mkono kwa nguvu. Alikuwa bado hajamchumbia, na jibu lilikuwa limeshatoka.

Walipokuwa wanakimbilia teksi, simu ikiwa bado hewani, wakasikia kikombe kikigonga ndoo.

"Karibu, mkamwana," sauti ikasema, kila neno likija kwa kuchelewa. "Ngoja kwanza ninywe maji."