Hadubini Chini ya Kitanda

Hadubini ya maabara ya hospitali iliibwa Jumapili, ikapatikana Jumatatu kabla ya chai, chini ya kitanda cha msaidizi wa maabara. Mlango haukuvunjwa. Aliyetoa taarifa polisi ni mkuu wa maabara. Aliyewaelekeza wapekue chumba kile ni yeye huyohuyo. Na msaidizi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja.

Alama za vidole hazikusaidia. Wote wawili waliishika kila siku. Inspekta wa polisi alikifungua mezani kwake kifurushi chenye hadubini hiyo. Lenzi zilikuwa zimefunguliwa moja moja, zikafutwa mafuta, zikaviringishwa kwenye pamba.

"Mwizi gani huyu anayevionea vioo huruma?" alimuuliza koplo wake.

Mpwa akaletwa kutoka mahabusu.

"Uliiba?"

"Andika hivyo, afande."

"Sijakuuliza niandike nini. Zirudishe lenzi."

Mpwa akachukua moja, akaijaribu panapokaa taa. Akaigeuza, bado haikuingia.

"Miaka miwili uko maabara," Inspekta alisema taratibu.

"Nimesomea ufundi bomba. Mama alimwomba mjomba anishike mkono. Nafasi iliyokuwepo ndiyo hiyo."

"Nani alikuwa anapima damu za wagonjwa?"

"Mimi. Mjomba alikuwa akirudia vipimo nyuma yangu. Siku moja alikuwa mkutanoni, hakurudia."

"Ikawaje?"

"Mtoto alikuwa na malaria. Nikaandika hana. Amezikwa Ijumaa."

Koplo aliacha kuandika.

"Kwa nini hukuacha kazi mapema?"

"Niliomba. Mama akaniuliza kama nataka kumgombanisha na kaka yake." Akaisukuma lenzi mbali. "Niache humu, afande. Humu hakuna anayeniletea damu."

Inspekta alimrudisha, akamwita mkuu wa maabara. Alikuja na koti lake jeupe, akakaa bila kukaribishwa. Alipoiona lenzi imekaa ovyo mezani, mkono ulikwenda wenyewe, ukaishika, ukaielekeza mahali pake. Hapo akashtuka.

"Malizia tu," Inspekta alisema. "Mpwa wako hakuweza."

Mzee yule akaiweka chini.

"Dada yangu aliacha shule ili mimi nisome," alisema. "Aliponiletea mwanawe, ningekataa kwa mdomo gani?"

"Waliosomea kazi hii waliomba?"

"Wengi. Bahasha zao hata sikuzifungua."

"Ndipo mtoto akafa."

"Nikimfukuza kwa uzembe, wangeuliza nani alimwajiri, nani alimruhusu apime. Lakini mwizi hufukuzwa bila maswali. Nilitaka aachishwe tu. Sikudhani mngemlaza ndani."

"Ulidhani polisi humfanya nini mwizi?"

Mzee alivua koti, akalikunja kwa uangalifu, akanyoosha mikono afungwe pingu.

Dada yake alikuwa kaunta, na nguo safi za mwanawe kwenye mfuko. Inspekta alimweleza yote bila kuficha: mwanawe anatoka, kaka yake anabaki, na kuna mama mwingine mtaani aliyezika. Alisikiliza hadi mwisho.

Mpwa akatokea, viatu mkononi. Mama alimshika mkono kwa nguvu, kisha akamgeukia Inspekta na kushusha sauti.

"Na nafasi yake pale hospitali, afande, watamwekea?"

Mpwa aliketi benchini, viatu bado mkononi, asivivae.