Vidole vya Moosa

Anayesema majini hufanya kazi usiku tu hajafika mtaa wa Ngagara. Jini la karakana ya Moosa lilianza kazi saa sita mchana, jua utosini, tena lilikuwa fundi kuliko mafundi wote ninaowajua, nami nawajua wengi.

Mwaka ule wa vita mbao zilitakiwa kuliko mkate. Msumeno wa mkanda ulipumzika adhuhuri tu, Moosa akienda kuswali. Kabla ya wote kutoka, fundi wake Révérien alizungusha usukani wa juu, akaulegeza ule mkanda wa chuma, maana ukiachwa umekazwa kwenye joto hukatika. Wakirudi aliukaza tena, akiudonoa kwa kidole mpaka utoe mlio mzito: dumm. Alidonoa kwa mkono usio na gumba. Moosa aliwahi kuwasha mashine mkono huo ukiwa ndani, kisha akacheka: "Pole. Bado uko na tisa."

Siku moja wakapasua gogo la msufi kutoka Kibenga. Mwalimu Idi, mganga wa Buyenzi, alishawaonya kuwa mti ule una mwenyewe. Kesho yake, waliporudi adhuhuri, mkanda ulikuwa umekazwa.

"Nani amekaza?" bosi Moosa akauliza.

"Apana mi, patron. Nililegeza."

Révérien akaudonoa. Dumm. Sawasawa kabisa. Pakanuka nywele zilizoungua.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu umeme ukakatika mji mzima, lakini mkanda wakaukuta umekazwa tena.

"Patron, leo tusiguse," Révérien alinong'ona. "Kuna mutu hapa."

"We muoga kama kuku! Umeme hakuna, hiki ni chuma tu. Na kipimo si masikio yako, kipimo ni vidole vyangu hivi."

Akaubonyeza mkanda ubavuni kwa vidole vinne, na hapo magurudumu, bila umeme, bila mtu, yakaanza kuzunguka, taratibu kwanza kama jiwe la kusagia, kisha kwa kasi, na ile harufu ikajaa karakana nzima, na Moosa akavuta mkono lakini kuna kilichomshika kifundo cha mkono na kuusukuma mbele, kwa upole, kama fundi anavyosukuma ubao asiotaka kuuharibu.

Walichekecha unga wa mbao hadi jioni. Vidole havikuonekana.

Tangu hapo kila adhuhuri usukani hujizungusha, mkanda hujidonoa, dumm, dumm, na kule nyumbani kwake Kinanira Moosa huruka kitandani akishika hewa: "Linavitumia! Linavitumia tena!"

Mkewe, Thuwaiba, akamleta Mwalimu Idi karakanani.

"Nitasoma, litatoka, na mzee atapona maumivu," mwalimu akamwambia Révérien kwa sauti ya chini. "Lakini lazima wewe, fundi wake, uulegeze mkanda kwa mkono wako mwenyewe, nikisoma."

"Mwanangu, nakuomba," Thuwaiba akalia.

Révérien akautazama usukani. Akaitazama ile nafasi ya gumba lake.

"Mama, tangu liingie, mukanda haujakatika hata siku moja." Akachukua ubao. "Mwambie patron pole. Bado iko na sita."