Sauti ya Kukhu Phelista

Ndugu zangu wa Chwele, mimi nimeuza vitunguu miaka ishirini kando ya marehemu Phelista. Haya nayasema kwa ruhusa ya aliyeyatenda, maana amechoka kuyabeba peke yake.

Asubuhi ile Phelista alikuwa barazani akichambua maharagwe, leso mpya kiunoni, akingoja kupigwa filamu. Mjukuu wake Nabwile, aliyemwita kukhu, yaani nyanya, alikuwa amekuja na wenzake wawili kutoka shule yao ya Kitale, wote wa gredi ya kumi, somo la habari. Kazi yao ya muhula ilikuwa filamu fupi kuhusu wanawake waliolijenga soko letu. Chai ilinyweka, vicheko vikasikika. Kumbe wivu nao ulikuwa umekaribishwa.

Mzazi, mwanao akilitaka somo hili, mwambie halianzi na uso kwenye runinga. Siku ya kwanza mwalimu wao, Bwana Kigen, aliwaambia, "Wengi wenu mmekuja kuonekana. Hapa mtaandika maswali, mtachora kila picha kabla ya kuipiga, mtakata na kuunganisha. Wengine mwaka mzima hamtaonekana hata sikio." Kisha akagawa kazi. Ivy akapewa kamera. Jelagat, binti wa wakulima wa Mlima Elgon, akapewa kuhoji. Nabwile akapewa sauti.

"Ati sauti!" Nabwile alimlalamikia Ivy. "Jelagat akae na kukhu yangu mbele ya kamera, na mimi nibebe waya?"

"Si kila mtu atapata maksi ya kazi yake? Tulia, bana."

Hakutulia. Kila Jelagat aliposifiwa kwa maswali yake, Nabwile alihisi ameibiwa. Basi asubuhi ile akamfunga nyanyake maikrofoni shingoni, akabonyeza kinasasauti, na wenzake walipogeuka akakizima. Alijua maikrofoni ya kamera ya shule ilikuwa imekufa. Alitaka Jelagat aaibike darasani, akifungua na kufunga mdomo bure. Kisha akaenda kununa nyuma ya jikoni hadi mahojiano yakaisha.

"Tusikize kidogo kabla ya kwenda?" Jelagat aliuliza.

"Iko sawa," Nabwile akasema.

Wakarudi Kitale. Siku ya tatu Phelista alianguka sokoni, mbele ya macho yangu, na hakuamka tena.

Matangani, Wanyonyi, babake Nabwile, aliomba filamu ile ionyeshwe, ili watu wamsikie mamake mara ya mwisho. Ivy na Jelagat wakaja nayo, bado hawajaifungua, tukakusanyika mbele ya kioo. Phelista akatokea, midomo ikicheza, mkono ukipunga, na hakuna neno hata moja. Wanyonyi akasimama.

"Sauti iko wapi? Nani alikuwa na sauti?"

"Ni mimi, Papa," Nabwile akasema. "Nilizima. Nilimwonea Jelagat wivu."

Wanyonyi alimtazama binti yake, akaketi chini kwenye nyasi, akalia. Mimi sikuwa nimewahi kumwona mwanamume yule akilia.

Ndipo Jelagat akafungua daftari lake. "Niliandika kidogo, mengine nayakumbuka. Mwisho nilimuuliza kwa nini amekubali kupigwa filamu. Akasema, 'Mimi sipendi hiyo kamera. Lakini Nabwile ndio ameniomba. Huyo akinisikiliza, naweza ongea mpaka jioni.'"

Nabwile akaanguka miguuni pa Jelagat. Bwana Kigen alimpa sifuri ya sauti, na Jelagat akapata maksi zake kwa maswali aliyoyaandika. Sifuri ile Nabwile hajawahi kuililia. Kinachomliza ni kwamba kila anapotaka kujua kukhu yake alisema nini, lazima amwombe Jelagat.

FUNZO

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nabwile alimchimbia Jelagat, akaizika sauti ya nyanyake. Nanyi wanafunzi mnaochagua somo la habari, mkipewa kazi isiyoonekana, ifanyeni kwa moyo wote, kwa maana siku moja jamaa nzima itaketi kungoja kazi ile ile mliyoidharau. Na wazee wenu wakizungumza, msiende kununa nyuma ya jikoni. Kaeni hapo muwasikilize.