Kikohozi cha Kiti cha Nyuma

Kila siku nikitoka shule nafagia ua, nanawa, kisha nachunguza. Mama husema nina umbea. Sawa, lakini dada yangu anasomea ualimu na vipindi vyake huisha saa kumi. Mbona wiki ile nilikuwa nikirudi saa saba navikuta viatu vyake mlangoni?

"Mkufunzi anaumwa," aliniambia Jumatatu. Jumanne umeme ulikatika chuoni. Jumatano mkufunzi akaumwa tena. Nikapekua mkoba wake, ingawa najua si vizuri, nikakuta vipande vya chaki vilivyovunjikavunjika. Basi nikajua ninaishi na mtoro.

Alhamisi nikamkabili. "Dada, sema ukweli au namwambia Mama."

Aliketi kitandani akaficha mikono. "Nikisimama mbele natetemeka, chaki inakatika," alisema. Kwenye darasa la mazoezi, alinieleza, mmoja hufundisha na wenzake hujifanya watoto. Kundi lake ndilo lililoanza kufundisha, kwa hiyo bado hajawahi kukaa upande wa watoto. "Kuna kaka mmoja kiti cha nyuma. Nikigeukia ubao tu, anakohoa. Wote wanacheka. Mdogo wangu, yule ananiandama. Na kesho ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nisipofundisha, narudia mwaka."

Tukambandika jina: Kikohozi. Usiku mzima nilimchukia mtu nisiyemjua.

Ijumaa shuleni kwetu hatukuwa na masomo, nikamsindikiza dada chuoni kumbebea chati. Alipokwenda kunawa uso bombani, mimi nikajibanza dirishani nimpeleleze adui. Nikamwona mkufunzi, mama mmoja wa miwani, akiwagawia wanachuo kadi kutoka kwenye kopo.

"Mkufunzi, leo nipe nyingine," alisema kijana mwembamba wa nyuma. "Hii ya mtoto msumbufu nimechoka nayo. Yule dada siku hizi hata salamu yangu haitikii."

Nilikimbia hadi bombani nikamweleza dada kila neno. Alijifuta maji kidevuni.

"Kumbe hanichukii?"

"Anapewa kadi, dada. Anaigiza."

Dada hakucheka. Aliingia darasani moja kwa moja, nami nikimfuata na chati. "Mkufunzi, naomba kuuliza. Kwa nini kikohozi ni changu kila siku?"

Mkufunzi alivua miwani. "Kwa sababu mara ya kwanza kilikukimbiza nje ya darasa. Nilitaka ukizoee hapa, kabla ya watoto wa kweli. Lakini nilipoona huji, nilipaswa kukuita. Hilo ni kosa langu." Akamsogelea. "Ukiogopa, weka chaki chini. Vuta pumzi taratibu, kanyaga sakafu vizuri, ndipo uzungumze. Hata mimi nilianza hivyo."

Dada akaanza somo la sehemu za mmea. Alipogeukia ubao, kikaja. Koh, koh. Dada aliweka chaki chini na kuvuta pumzi. Mikono bado ilitetemeka, niliiona.

"Wewe wa nyuma," alisema kwa upole, "una mafua au una swali?"

Darasa likacheka, na safari hii dada alicheka nao. Kikohozi akasimama. "Nina swali, mwalimu. Mzizi unakula nini?" Dada akamjibu vizuri mpaka akaketi. Somo likaenda hadi mwisho kwa chaki moja nzima.

Baadaye dada na Kikohozi walisalimiana, kila mmoja akiomba radhi. Mkufunzi akatuambia sote, "Hofu mkiifungia ndani, inawatengenezea maadui ambao hawapo. Mwambieni mtu mnayemwamini. Na kabla hamjamhukumu mwenzenu, muulizeni."

Njiani kurudi, dada alinitazama kwa jicho la pembeni. "Hebu niambie. Nani alipekua mkoba wangu akaona zile chaki? Maana nilikuta zipu wazi."

Nikakumbuka maneno ya mkufunzi. Dada alikuwa ameuliza, hakuhukumu. Nami nilitaka sana kusema ukweli, lakini kwanza, nikakohoa.